Taa Iliyobaki Shimoni Kaniha

"Hewa gani, shemeji?" Laurian aliuliza. "Mimi sikukuomba hewa."

Alikuwa amekaa juu ya tairi bovu ukingoni mwa shimo, kajitanda blanketi, kikombe cha chai mkononi, na chai yenyewe imefika nusu. Hicho ndicho kilichomshtua Desderius kabla hata ya maneno. Mtu aliyetoka majini sasa hivi, sambamba na wewe, amepata wapi nafasi ya kunywa nusu kikombe?

"Umeniomba," Desderius alisema. "Umekuja na taa yako, ukaitikisa huku na huku. Nikakupa."

"Wewe nilikupoteza kwenye tope. Nikakutafuta kidogo, nikapanda juu, kama tunavyokubaliana siku zote. Tazama geji."

Desderius akatazama. Sindano ya mtungi wa Laurian ilikuwa katikati. Ya kwake ilikuwa imelala kwenye sifuri.

Walikuwa wazamiaji, hawa wawili, wenyeji wa Nyakisasa kule Ngara, na kazi yao walijifunzia Mwanza ziwani. Walikuwa chanda na pete hata kabla Laurian hajamwoa Rozina, mdogo wake Desderius. Kazi iliyowaleta Kaniha ilikuwa kuopoa pampu iliyozama kwenye shimo la zamani la dhahabu, shimo lililojaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mama mmoja wa Kisukuma anayechunga ng'ombe pale jirani, Limi, aliwaambia mapema kwamba ng'ombe wake hawanywi maji yale hata wakiwa na kiu ya kufa. Watu wa kwao humwita mfumu, maana ana macho ya kuona mambo. Walimwamkia kwa adabu, wakamshukuru, wakapiga naye soga kidogo za kazi yao, wakamwachia namba ya simu, wakazama. Binadamu na sikio lake!

Sasa, chini ya maji kuna sheria, na Laurian aliiimba kila siku mpaka ikachosha. Anayepewa hewa ndiye anayeshika taa, na taa aielekeze kifuani kwake mwenyewe, mwanga umpande usoni, ili anayempa auone mdomo na ajue anampa nani. Usimmulike mwenzako machoni. Utampofusha, na mkipofuka mmekwisha wote wawili.

Aliyemjia Desderius mle topeni alimmulika machoni tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuuona uso. Aliona weupe wa taa, na mkono ukinyooshwa.

Na hapo Desderius naye akafanya kosa lake la siku zote. Mzamiaji ana vipumulio viwili: kimoja mdomoni, kingine cha akiba kifuani. Ukiombwa hewa unatoa cha mdomoni, unachukua cha akiba, basi, kila mtu na chake. Lakini kwao Nyakisasa, kwenye chungu cha pombe ya mtama, mwenye nyumba huvuta kwanza kwenye mrija ili mgeni ajue hakuna sumu, kisha humpa mgeni mrija ule ule, kisha huupokea tena. Aliyevuta mrija wako ni mtu wa nyumbani kwako, huwezi kumfungia mlango. Desderius alikua na jambo hilo, na kila alipoingiwa na hofu mikono yake ililirudia. Akavuta, akampa, akapokea. Akavuta, akampa, akapokea. "Shemeji, huku hatunywi pombe!" Laurian alikuwa akimgombeza mazoezini, na wakacheka.

Siku hiyo kipumulio kilirudi baridi, na ladha ya kutu na tope la zamani. Kilichofuata hakukikumbuka sawasawa. Alijikuta juu, taa yake imemponyoka huko chini, na Laurian anakunywa chai.

"Labda ulichanganyikiwa," Laurian alisema taratibu. "Hewa ikiisha kichwa kinaona mambo."

Labda. Lakini mbona alikuwa hamtazami usoni?

Njia nzima ya kurudi, nyuma ya pikapu, Desderius alisikia harufu ya tope. Si tope la mvua, la hasha, ni lile la chini kabisa ambalo halijaona jua. Laurian alikuwa amekaa ubavuni pake, na harufu ilikuwa hapo hapo ubavuni. Walipofika Ngara mjini, Laurian akashuka kununua maji, na Desderius akavuta hewa kwa nguvu kuona kama harufu imekwenda naye. Haikwenda. Imeganda kwenye mbao za pikapu, alijiambia.

Nyumbani Nyakisasa, walikoishi wote pamoja, Rozina alikuwa ameandaa pombe ya kuwapokea. Mtoto wao, Keza, bado ananyonya, alicheka alipoisikia sauti ya baba yake nje. Shemeji wawili walipoingia ndani pamoja, mtoto akapiga yowe, akajificha kifuani kwa mama yake, asitulie mpaka wakatoka tena uani. Desderius alimwona Laurian akiukunja uso. Nani atalikataa jicho la mtoto? Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na moyo ukamuuma kwa ajili ya mdogo wake.

Wakakaa kwenye chungu, watatu, na kwa kuwa hakuna mgeni, kila mmoja na mrija wake. Wakavuta. Walizungumza habari za mahindi. Kisha Rozina akatazama ndani ya chungu.

"Mbona haipungui?" aliuliza.

Wakainama wote. Pombe ilikuwa imepanda. Ilikuwa imefika ukingoni, na juu yake palikuwa na mapovu madogo madogo yanayokuja moja baada ya jingine, na chini ya mapovu rangi ilikuwa imegeuka, rangi ya chai ya maziwa. Mtu mmoja kati yao alikuwa havuti. Alikuwa anapuliza.

Desderius aliutazama mdomo wa Laurian. Laurian alikuwa ameshautoa mrija, anautazama kwa macho ya mtu aliyeona nyoka, na Desderius akasema moyoni, ahaa, unajua kuigiza wewe.

Tangu hapo Desderius hakumwondolea macho. Chumba chake kilikuwa kinapakana na chao, na kila jioni mvua ilipoanza alisikia mtu akipumua kwa kipumulio, ule mlio wa kukwaruza wa kuvuta na ule mlio wa mapovu wa kutoa, karibu sana, karibu kiasi cha kudhani ukuta umekuwa kitambaa. Asubuhi sakafu ilikuwa na nyayo za maji kutoka mlangoni hadi kwenye mkeka wake, na alielewa kwamba Laurian huingia na kumsimamia akiwa amelala. Akaacha kula. Kiu tu ndiyo iliyomsumbua. Alikunywa maji ya pipa kwa kata, na yalikuwa matamu kuliko asali.

"Kaka," Rozina alimnong'oneza siku moja jikoni, "kuna kitu humu ndani. Nakisikia kinapumua. Naogopa."

"Ni mumeo."

Machozi yakamlenga Rozina. "Usiseme hivyo, kaka. Usiseme tena."

"Mwenyewe aliyekwenda Kaniha hakurudi, Rozina. Nilimpandisha nisiyemjua, kwa pumzi yangu mwenyewe. Nimekuletea balaa mimi, na mimi ndiye nitakayeliondoa."

Alikuwa ameshanoa panga. Lilikuwa chini ya mkeka wake.

Ndipo Limi akampigia Desderius simu. Alisema ng'ombe wamegoma hata kupita karibu na shimo, na kwamba yeye mwenyewe amechungulia jioni na kuona taa inawaka chini kabisa. Siku zote hizo bado inawaka! Inakwenda huku na huku, polepole, kama mtu aliyechoka kufukuza nzi.

Desderius nywele zilimsimama. Huku na huku ni kuomba hewa. Laurian yu hai kule, au roho yake, anaomba, na huyu mwingine anakula ugali mezani pa mkewe!

"Njoo, mama," alisema. "Njoo unisaidie kumtoa huyu humu ndani."

Limi akaja, kwa basi hadi Ngara mjini na bodaboda hadi Nyakisasa, na kitenge chake kimejaa vumbi. "Shikamoo mama," walimwamkia. "Marahaba," aliitikia, lakini hakukaa. Aliwatazama wote, akaomba madirisha yafungwe na nyufa zizibwe kwa nguo, ingawa ilikuwa mchana na kuku wanachakura nje.

"Mna sheria yenu ya taa," alisema. "Mlinisimulia siku ile. Ifuateni hapa. Kila mtu ajimulike kifuani, tumwone ni nani."

Taa iliyokuwepo ni moja, ya Laurian, yenye mkanda mwekundu. Giza lilikuwa zito. Desderius aliketi juu ya mkeka wake aliouleta hapo, kiganja kwenye mpini wa panga lililofichwa chini yake, akahesabu jambo limekwisha: mwanga utapanda, uso utaonekana si uso, naye atakata kabla Rozina hajapiga kelele. Alimpenda Laurian, na alilia kimyakimya kwa ajili yake.

Taa ikawaka kifuani pa Laurian. Mwanga ukampanda kidevuni, puani, kwenye kovu la nyusi alilolipata Mwanza. Alikuwa Laurian. Amekonda kwa wasiwasi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, lakini ni Laurian mtupu, na Keza mikononi mwa mama yake akamnyooshea mkono, akasema, "Baba."

Panga likawa zito. Desderius hakuelewa. Kama huyu ndiye, basi aliye shimoni ni nani?

"Taa yako wewe iko wapi?" Limi alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Ilibaki..." Desderius alianza.

"Shika hii."

Laurian akampa taa, akairudisha mikono haraka. Desderius akaisikia ile harufu ya tope ikipanda, na kwa mara ya kwanza akatambua kwamba Laurian yuko upande wa pili wa chumba, na harufu iko hapa hapa alipo yeye, puani, kooni, na kwamba ule mlio wa kuvuta na mapovu ulikuwa unakwenda sasa hivi, na kila kifua chake kilipopanda ulikwaruza, na kila kilipotua mapovu yakatoka, na mkeka chini yake ulikuwa umelowa, na hakukumbuka, alijaribu kwa nguvu zake zote na hakukumbuka, njia aliyopandia kutoka mle shimoni, wala kama aliwahi kuipanda.

Akaigeuza taa kifuani kwake, kama sheria inavyotaka.

Hakuna aliyepiga kelele. Laurian alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia. Limi akainamisha kichwa. Rozina ndiye aliyesogea, hatua moja, mtoto kamkumbatia, akautazama ule uso uliokuwa na mwanga kwa chini, akautazama sana.

"Kaka yangu umemwacha wapi?" aliuliza.

Alitaka kumjibu. Alimpenda, huyu Rozina, au alikumbuka kumpenda. Lakini hakustahimili kutazamwa vile, na mkono wake ukanyanyuka wenyewe, ukaigeuza taa, ukawamulika machoni wote ili wasimwone.