Kiwiko cha Ferista

Gulioni Tunduma, watu wa pande zote mbili za mpaka wakisukumana, Ezron alisimama ghafla mpaka mtu akamkanyaga kisigino. Msichana mwenye kitambaa cha maua ya njano kichwani alikuwa akigeuza mahindi kwenye makaa kwa vidole vitupu, wala hakukunja uso.

"Dada, huungui?"

"Kwani umekuja kununua hindi au kunihurumia?"

"Vyote viwili, mukwai."

Msichana huyo, Ferista, akacheka kuitwa kwa heshima namna hiyo. Ezron, dresa mzima, msaidizi wa daktari katika hospitali ya misheni, kaptula imenyooka kwa pasi, akaondoka bila hindi lake. Mapenzi hayo! Angekuwa kazini, angejiuliza ni vidole gani visivyosikia moto.

Uchumba wao ulikuwa wa Kikristo hasa. Kila Ezron alipokwenda kwao Ferista, Msangano, shangazi Nesta aliketi katikati yao akisuka kikapu, na mkono haukugusa mkono. Wakabaki kutaniana juu ya kichwa cha shangazi.

"Dresa wangu, nikichoka utanipikia?"

"Hata uji wa ulezi, kipenzi."

"Atauunguza huyo!" shangazi akadakia.

Kisha baka lililopauka likamtokea Ferista mkononi. Shangazi alisema ni choa tu, lakini akampeleka hospitali. Daktari alikuwa ameamuru mgonjwa asiguswe bila glovu, na glovu zenyewe zilikuwa mipira minene, iliyochemshwa mara nyingi na kutiwa viraka kwenye ncha za vidole. Ezron alijua kwamba ukoma huvimbisha mshipa wa nyuma ya kiwiko. Akabonyeza, akabonyeza tena. Hakusikia kitu ila mpira. Na moyo wake, jamani, ulitaka asisikie.

"Choa," alisema, akampa dawa ya kupaka. Tangazo la ndoa likasomwa kanisani, ikawa wanangoja tu kahawa ya baba yake Ezron ivunwe, mahari ilipwe.

Jumapili moja, wakitoka ibadani, Ferista aliteleza kwenye mawe ya kijito. Ezron akamdaka kiwiko kwa mkono mtupu. Ndipo akausikia mshipa, mgumu, mnene kama kamba ya kufungia mbuzi. Maji yakaingia viatuni, naye hakuuachia.

"Mbona huniachii?"

Akamwambia yote palepale. Ferista akauchomoa mkono wake.

"Na siku ile ulinipima nini? Siku ile kilikuwa kidole kidogo tu na jirani yake, nikadhani makaa yamevitia sugu. Sasa kiganja chote kimekufa ganzi, Ezron! Nilikuamini wewe!"

Kesho yake alimweleza daktari, na Ferista akaamriwa kwenda kambi ya wakoma, ng'ambo ya milima, akatibiwe kwa vidonge. Hakutaka kumwona Ezron mpaka asubuhi ya kupanda lori la kwenda kambini.

"Nimeomba kazi huko kambini," Ezron alisema, ameushika ubao wa lori. "Wamekataa. Nitaomba tena."

"Usinisubiri. Oa."

"Tangazo limeshasomwa, Ferista. Sijalifuta."

Ferista akainamisha kichwa, machozi yakamshinda. Akamnyooshea mkono, uso ameugeuzia kwa shangazi aliyekuwa akilia kando ya barabara.

"Basi nishike, mpenzi."

"Nimekushika."

Ferista akageuka kutazama. Kweli, Ezron alikuwa amekikumbatia kiganja chake kwa mikono yote miwili. Dereva akapiga honi.

"Pandisha mikono kidogo," Ferista akamwambia. "Hapa, juu ya kifundo cha mkono. Huku bado nakusikia."