Kitufe Kisicho na Jina

Kitufe cha nne kilitokea mchana kweupe, na Fundi ndiye aliyekuwa wa kwanza kukiona.

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Amezeeka na cherehani, akijua nguo kwa kuigusa na maandishi kwa kuulizia, mpaka alipokwenda kukaa darasa la watu wazima na kuzishika herufi moja baada ya nyingine. Tangu hapo hapiti bango bila kulisoma, na sabuni haingii majini kabla hajaimaliza karatasi yake. Binti yake, ambaye kazi yake ni kutengeneza programu za simu na kwa hiyo wanamwita Injinia, akamtungia programu ya nyumbani apate kitu cha kusoma. Akabandika kijicho cha kamera juu ya mlango. Ukiingia, kijicho kinakujua sura, na kitufe chenye jina lako kinaongezeka kwenye simu ya Fundi. Ukitoka, kinaondolewa. Basi. Fundi anakaa kwenye cherehani yake, anatupa jicho, anajua nani yumo ndani na nani yuko nje.

Watu wa nyumba ile walikuwa watatu. Yeye, Injinia, na mjukuu wake, mtoto wa Injinia, waliyemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haulali. Chiriku ndiye peke yake aliyemwita bibi yake "Bibi Uzi". Na katika maisha yake hajawahi kupiga hodi. Mlango anauingia kama upepo.

"Hii nyumba haina mlango kwako?" Fundi humgombeza kila siku.

"Unao, Bibi Uzi, lakini ni wa wageni!"

Sasa vitufe vilikuwa vinne. Fundi, Injinia, Chiriku, na kimoja cheupe kisicho na jina.

Fundi hakuogopa. Alishuku. Binti yake bado kijana, mume wake alishafariki, na mlango wa chumba chake siku hizi ulikuwa unafungwafungwa. Wakati wa chakula akajisemea kwa sauti ya kusikika, "Mtu akiwa na mgeni, amlete mezani ale. Kujificha chumbani ni kazi ya panya."

Injinia akaacha kutafuna. "Mgeni gani, mama?"

"Huyu asiye na jina."

Injinia akaichukua simu, akacheka, halafu kicheko kikamwishia njiani. Akamtazama mama yake kwa jicho la pembeni. "Umebonyeza nini humu?"

"Mimi? Sijabonyeza kitu."

Wakaendelea kula, kila mmoja akimchunguza mwenzake juu ya sahani.

Injinia akakiondoa kitufe kile kwenye kompyuta yake. Kikarudi kabla hajanyanyuka kitini. Akakiondoa tena, na safari hii kiliporudi kilikuja na harufu, harufu ya nywele zilizoungua kwa pasi, ikatoka upande wa chumba cha Chiriku na kupita katikati yao kama mtu anayekwenda kunywa maji.

Kuanzia hapo nyumba haikuwa na raha. Fundi akimsikia Chiriku anakimbia ukumbini, alihesabu miguu bila kutaka, na miguu ilikuwa mingi mno kwa mtoto mmoja. Akitoka kidogo uani, cherehani ilianza kwenda yenyewe, taratibu, kama mtu anayejifunza, na akirudi mbio alikuta kanyagio bado linacheza na kitambaa kimeshonwa mstari mmoja usioenda popote. Akamshuku Injinia kwamba anamfanyia mzaha. Injinia akamshuku mama yake kwamba uzee umempigia hodi. Na Chiriku, ambaye mdomo wake haulali, alianza kukaa kimya kwenye kona akitabasamu, kama mtu aliyeambiwa siri akakatazwa kuisema.

Siku moja mvua ilipokuwa ikinyesha, Fundi akachungulia simu. Kile kitufe cheupe kilikuwa kimepata jina. Akalisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, akitumaini kwamba kusoma kwake bado ni kubaya. Chiriku. Na juu yake kipo kingine. Chiriku.

"Injinia," akaita kwa sauti ya chini. "Njoo. Usikimbie. Njoo tu."

Injinia akaja na kompyuta, akaanza kutafuta. "Mama, nisikilize. Kitufe hakijiongezi. Kila kitufe kina mzazi wake aliyekiweka, na huyo mzazi ndiye anayeweza kukiondoa moja kwa moja. Ndiyo maana mimi nikikitoa kinarudi. Sasa vyote viwili vya Chiriku vinaonyesha mzazi mmoja, simu yako, na siwezi kuvitofautisha. Hiki cha mgeni, wewe ndiye uliyekikaribisha."

Fundi akainamisha kichwa. "Simu iliandika Hodi. Nikaisoma mwenyewe, bila msaada wa mtu. Chini yake ikaandika Karibu. Nilifurahi, mwanangu, nikabonyeza, kisha nikaona haya kukuambia. Na hodi haiachwi hewani."

"Ulitazama ni nani?"

"Mlangoni hapakuwa na mtu."

Wakatazamana. Chumbani, Chiriku akacheka, na baada ya kicheko kile kikafuata kingine, hichohicho.

"Mmoja wao ni mwanangu," Injinia akanong'ona, machozi yakimlenga. "Ukimwondoa siye, utakuwa umemfuta mtoto..."

"Basi tusibahatishe. Mtoe mtoto nje. Kijicho kitamwona, kitufe chake kitaondoka. Kitakachobaki humu ndani ndicho mgeni, nami nitamfukuza kwa mkono uleule niliomkaribishia."

Injinia akaingia chumbani, akatoka amemshika Chiriku mkono, mtoto kimya, uso umeinama, wakaufungua mlango wakatoka kwenye mvua. Kwenye simu, kitufe kimoja cha Chiriku kikazimika. Kingine kikabaki.

Fundi akakigusa. Simu ikauliza kama anataka kukiondoa, naye akasoma swali lile mara mbili, na alipokuwa bado anasoma, mlango wa chumbani ukafunguka kidogo, kiasi cha jicho moja, na sauti ndogo ikatoka gizani mle, sauti iliyolia mpaka ikachoka, ikamwambia, "Bibi Uzi, usinifute, mimi nipo huku, alinifungia kabatini, Bibi Uzi, tafadhali," na Fundi, ambaye siku zote alisikia kwamba majini ni mafundi wa kuiga sauti za watoto, akafumba macho, akaziba sikio moja kwa bega, akayazuia machozi yake, na kabla huruma haijamshinda akabonyeza Ndiyo.

Nyumba ikanyamaza.

Harufu ikaondoka kama iliyofutwa kwa kitambaa. Cherehani ikatulia. Fundi akafungua macho, akasoma vizuri. Kilikuwa kimebaki kitufe kimoja tu, chake mwenyewe. Akacheka na kulia kwa pamoja.

"Ingieni!" akaita. "Amekwisha! Ingieni, mtalowa!"

Injinia akaingia mbio, maji yakimtiririka, na kitufe chake kikaongezeka. Akamkumbatia mama yake. Nyuma yake mlango ulibaki wazi, na Chiriku alisimama nje ya kizingiti, miguu imebanana pamoja, haingii.

"Chiriku, ingia," Injinia akasema.

Mtoto hakuingia. Aliinua uso taratibu, akamtazama Fundi, akatabasamu.

"Hodi, bibi."

Simu ikatikisika mkononi mwa Fundi. Hodi, iliandika. Na chini yake, kitufe kimoja cheupe. Karibu.

"Mama, mkaribishe mtoto," Injinia alisema akicheka, "mbona umesimama hivyo?"

Fundi alikuwa amegeukia mlango wa chumbani, anasikiliza, anasikiliza kwa mwili wote, akiomba kusikia hata kilio kimoja cha mtu wa kumwita Bibi Uzi. Huko ndani hakukuwa na mtu.