Swichi ya Mjomba

"Kozi, igeuze! Igeuze sasa hivi!"

Sauti ya Mjomba ilikwaruza kwenye redio ya sikioni. Kozi alimruka mrushaji wa ndege ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemzimisha kwa kitako cha bastola yake ya Beretta, akaikwapua rimoti ya Futaba ya mtu huyo majanini.

Ndege ndogo ya mbao ilikuwa imeshavuka katikati ya mto. Tumboni ilibeba kadi ya kumbukumbu yenye majina ya majasusi kumi na tisa, la Kozi likiwamo. Ng'ambo, wanunuzi walisubiri mikono mfukoni.

Kozi alisukuma kijiti kushoto.

Ndege ikageuka kidogo, kisha ikainamisha pua kuelekea kwa wanunuzi.

Alijaribu kulia. Ikainama tena.

"Kila nikiigeuza inaanguka, Mjomba!"

"Wewe geuza tu, mpwa wangu. Upepo huo."

Upepo gani? Hata jani halikutikisika.

Ule ulikuwa mchanganyo: unaamuru jambo moja, rimoti inaongeza la pili. Mtu alikuwa ameupanga ili atakayeirudisha ndege aiangushe mikononi mwa adui. Kozi alijifunza mambo hayo akiwa na miaka kumi na miwili, mezani kwa Mjomba, akibonyeza menyu za rimoti hadi chai inapoa. Warushaji wengi huacha mchanganyo ufanye kazi muda wote. Mjomba hakukubali hata siku moja. "Mchanganyo usio na swichi ni mbwa asiye na kamba," alizoea kusema, na kamba yenyewe aliifunga daima kwenye swichi ileile, nyuma ya rimoti, chini ya kidole cha shahada cha kushoto.

Kidole cha Kozi kilisita. Aliomba isiwe hapo.

Tak.

Akasukuma kijiti kushoto. Ndege ikageuka, pua juu, imetulia.

Aliyemlea ndiye aliyemuuza. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii alikuwa ameivaa tangu utotoni.

Ndege ilitua miguuni pake. Akachomoa kadi, akabadilisha mkondo wa redio, akamwita mkuu wa majasusi.

"Mkuu, mkamateni mjomba wangu. Yuko chumba cha mawasiliano."

"Una uhakika?"

"Naujua mkono wake, Mkuu."

Akarudi kwenye mkondo wa kwanza.

"Imeanguka?" Mjomba aliuliza.

"Imetua. Ulinifundisha vizuri, Mjomba."

Kisha ukasikika mlango ukipigwa teke.

Kozi aliitupa redio mtoni, akaibana rimoti kwapani, akaondoka bila haraka. Alipofika barabarani alifuta macho, mara moja tu.