Rangi Juu ya Kutu

Kila Jumamosi baada ya chai, Klaudia wa darasa la sita alilala chini ya pikapu ya baba yake, Mzee Mwijage, nyumbani kwao Kitendaguro. Pikapu ilimzidi umri kwa miaka kumi na tano, na ilipowashwa ilikohoa kama babu aliyeamshwa mapema. Siku za kazi ilibeba samaki wa chumvi kutoka mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Maji yao yalichuruzika hadi kwenye chesisi, yaani vile vyuma viwili virefu vinavyobeba gari zima. Kazi ya Klaudia ilikuwa kuosha chumvi hiyo kwa maji safi na kuzibua matundu ya kutolea maji.

Hakuipenda. Matope yalimdondokea machoni, mengine puani. Tangu mvua zianze, aliosha pale tu panapoonekana na mtu aliyesimama. Kisha baba akamwachia brashi ya waya na makopo mawili ya rangi: akwangue kutu mpaka chuma king'ae, apake ile nyekundu ya kuzuia kutu, ikikauka ndipo apake nyeusi. Klaudia alifungua nyeusi tu. Alipaka juu ya kutu, juu ya matope, na buibui mmoja aliyekuwa akipita naye akapata koti jipya. Baba aliinama, akaona weusi unang'aa, akamsifu sana. Klaudia akaenda kulificha kopo la nyekundu, ambalo lilikuwa bado halijafunguliwa.

Jumamosi iliyofuata walikwenda Kamachumu kuchukua ndizi za harusi ya binti wa shangazi Anatolia. Walipakia mikungu arobaini, na juu yake wakapanda shangazi na wanawake watano, wakiimba. Klaudia alikaa mbele na baba.

Walipoiacha nyuma kidogo tu senta ya Kamachumu, penye maduka, alisikia mlio nyuma yake: kwii. Baba alisema ni springi zinalalamikia uzito wa shangazi. Klaudia hakucheka. Alikumbuka pale nyuma ya tairi, ambapo chuma kilibonyea chini ya brashi yake ya rangi kama ganda la yai. Mlio ukarudi. Mbele yao ulianza kuonekana mteremko mrefu wa kushukia Muhutwe.

"Baba, simama."

"Umesahau nini?"

"Sikukwangua. Nilipaka rangi juu ya kutu. Na kuna mahali panabonyea."

Baba alikanyaga breki polepole, akazima gari, akaweka jiwe chini ya tairi. Nyimbo zikakatika. Alilala chini na spana, akagonga chesisi upande wa mbele, ikalia ngaa. Akagonga penye rangi ya Klaudia, ikalia pwa. Alipotoka, aliwaomba wanawake washuke, akawaeleza yote.

Shangazi aliutazama mteremko, kisha akamtazama Klaudia, akamwita mwanangu kwa Kihaya.

"Waitu, mwana wange, ulitaka nifike harusini vipande vipande?"

Hakuna aliyecheka, hata shangazi mwenyewe.

Mikungu ilishushwa na kuhamishiwa kwenye lori la jirani wa pale senta. Wanawake wakakaza vitenge vyao vya harusi, wakaisukuma pikapu tupu hadi karakana ya Kokubanza, fundi wa kuchomelea pale senta, kisha wakapanda lori na kutangulia harusini. Fundi alichoma bisibisi kwenye chesisi. Ikazama kama kwenye ndizi iliyoiva, na ilipotoka, yakafuata matope na maji ya chumvi.

"Rangi yako iliifungia kutu ndani pamoja na chakula chake," alimwambia Klaudia. "Imekula kwa raha zake."

Alikata sehemu iliyooza, akachomelea bamba nene la chuma. Klaudia alipewa brashi ya waya akwangue sehemu nyingine zote, na safari hii fundi alipitisha kidole kila mahali kabla ya kumruhusu kushika rangi nyekundu. Klaudia na baba walifika harusini watu wakinawa mikono baada ya kula. Shangazi alikuwa amewafichia sahani mbili.

Baba alimaliza kula, kisha akasema, "Kazi ya uvivu ukiificha, anayekuja kuumia ni yule aliyekuamini. Leo ungenyamaza kwa kuogopa kugombezwa, tungekuwa wapi? Ukikosea tena, niambie tukiwa bado nyumbani."

Jumamosi iliyofuata, baba aliinama na spana yake. Kabla hajagonga, sauti ilitoka chini ya gari.

"Baba, hapo kwenye tairi la kushoto bado sijafika."