Neno la Zizini

“...tupu! Ati tupu! Mimi, Bryony, ndiye niitwe tupu!”

Alijisemea hivyo bafuni, taulo mdomoni, bomba kalifungulia asisikike. Machozi yanamtoka. Kichefuchefu nacho kimemkaba.

Basi sikia ilivyokuwa. Bryony ni mtoto wa Leeds, wa mjini kabisa. Mwaka juzi aliolewa na Ellis Alderson, mfugaji wa kondoo kule milimani Yorkshire. Wanakaa nyumba moja na mama mkwe, Nora. Ilikuwa mwezi wa nne, kondoo wanazaa, nyumba nzima hailali. Asubuhi hiyo Bryony anashuka ngazi na soksi tu miguuni, akasikia maneno jikoni. Akasimama.

“Yuko tupu, Ellis,” Nora anasema. “Hana kitu tumboni. Na mwaka jana vilevile. Kazi yake kula tu.”

“Mpe nafasi nyingine, mama. Mimi nampenda. Tazama uso wake ulivyo mzuri.”

“Uso! Uso utatuzalia nini? Hawa wa mabondeni baridi ya huku hawaiwezi. Ijumaa aondoke. Tutaleta mwingine, mdogo mdogo.”

Na Ellis, mume wake wa ndoa, akavuta chai yake, fruuu, akasema, “Haya. Ijumaa.”

Jamani!

Na kumbe Bryony hakuwa tupu. Alikuwa na mimba changa! Ila watu wa huko hawaitangazi mimba mpaka miezi mitatu ipite na picha ya hospitali ionekane. Wanaogopa isije ikatoka, kijiji kizima kikaja kuwapa pole. Wengi humwambia mume. Bryony hata mume hakumwambia. Alitaka amtie picha mkononi, amshangaze.

Sasa je? “Nikisema leo,” akawaza, “watalipenda tumbo, mimi watanivumilia tu. Hapana. Sisemi. Acha niwaone mwisho wao.”

Toka hapo kila neno akawa analigeuza mbele na nyuma. Nora akimwekea mkate, siagi na jamu, “Kula, mwanangu, umekonda,” Bryony anawaza: mwanangu! Mtu anakupangia safari, halafu anakuita mwanangu!

Ellis alikuwa uani anafunga tela nyuma ya gari. “Ijumaa naenda mnadani,” akasema. “Twende wote, ukabadilishe hewa.”

“Kwenda tu, au kwenda na kurudi?”

Ellis akacheka. “Una nini wewe?”

Kicheko kile hakikumpendeza hata kidogo.

“Nakula tu, eti? Watanitambua.” Akavaa ovaroli ya Ellis, akaingia banda la kuzalia. Na alifanya kazi, si mchezo! Alivuta wanakondoo kwa mikono mitupu. Aliwakumbatia wamelowa vilevile. Alizoa majani yenye damu na makondo ya nyuma. Ellis akafurahi. Nora akamkazia macho tu.

Alhamisi akaja Daktari Gwenda Raw, daktari wa mifugo, jirani yao wa ng’ambo ya mto. Kondoo mmoja alikuwa amekwamiwa na mtoto.

“Bryony, nishikie kichwa,” alisema Gwenda.

Bryony akashika. Harufu ikampanda. Akakimbia nje, akatapika ukutani. Mwanakondoo alipotoka salama, Gwenda akamfuata.

“Umeanza lini kutapika?”

“Nimekula kitu kibaya.”

“Nora ananiambia kila asubuhi unajifungia bafuni. Kila asubuhi unakula kitu kibaya?”

Bryony akageuza uso.

“Una mimba?”

“Nani kakutuma unichunguze? Nora?”

“Sijatumwa. Vua hiyo ovaroli. Hapa hapa, sasa hivi.”

“Aa! Na wewe unanifukuza!”

“Nakufukuza, ndiyo. Nisikilize kwanza,” Gwenda akasema. “Kondoo anapozaa huweza kutoa vijidudu. Vinakuwa kwenye maji ya uzazi, kwenye damu, kwenye kondo la nyuma, hata kwenye manyoya ya mtoto aliyelowa. Kondoo mwenyewe unaweza kumwona mzima kabisa. Vikimpata mama mjamzito, mimba inaweza kutoka.”

Mkono wa Bryony ukaenda tumboni wenyewe. Uso ukawa mweupe pee.

“Nimeshika wengi, Gwenda. Bila glavu.”

“Nawa kwa sabuni na maji ya moto. Kisha mpigie mkunga wako leo, mwambie kila ulichofanya. Ukisikia homa, au mwili kuuma kama wa mafua, usingoje kukuche. Wengi hawapati kitu. Lakini humu huingii tena mpaka ujifungue. Hata buti za Ellis usiziguse.”

“Nikitoka watasema nakula tu! Nimewasikia mwenyewe. Nora kasema niko tupu, niondoke Ijumaa, walete mwingine!”

Gwenda akamtazama. Kisha akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Akamnyooshea kidole kondoo mmoja aliyesimama peke yake, mnene, uso mzuri, doa la rangi ya buluu mgongoni, anatafuna bila wasiwasi.

“Aliye tupu ni huyo, mama! Nilimpima mwenyewe kwa mashine. Wewe umetoka mjini, hujayazoea maneno yetu. Mimba huku ina majina mengi. Ya ng’ombe ina lake, ya farasi lake, ya kondoo lake. Ya mtu, wazee husema ‘anatarajia’, vijana wa baa husema andazi limo kwenye tanuri. Na ‘tupu’ ni neno la zizini. Mtu akiitwa hivyo, ni tusi. Nora hawezi.”

“Sasa mbona ananikodolea macho?”

“Kamuulize.”

Bryony akavua ovaroli, akanawa, akaenda jikoni, akauliza. Nora akaangusha kijiko.

“Mimi? Nikuite wewe hivyo? Wewe ndiye umenitesa, binti! Chai huinywi, bafuni unajifungia, maji yanamwagika saa nzima. Nikajua unalia, unataka kumwacha mwanangu. Nilikuwa nakulisha ubaki!”

Bryony akamwambia ana mimba. Wakakumbatiana pale, wanacheka, wanalia.

Jioni Ellis naye akaambiwa, na toka siku hiyo mambo yakabadilika. Ellis anaacha buti na ovaroli bandani, anaoga kabla ya kumkaribia mkewe. Nguo zake za kazi anazifua Nora, mbali na za wengine. Bryony akapewa kazi ya simu na kuagiza chakula cha mifugo. Mkunga alimpima damu, akamwangalia wiki baada ya wiki. Hakukutwa na ugonjwa.

Miezi mitatu ilipotimia wakaenda hospitali, yeye na Ellis. Wakaona moyo mdogo unadunda kwenye kioo. Ellis akalia kama mtoto. Wakiwa bado kwenye maegesho, Bryony akampigia mama yake Leeds.

“Mama, kaa chini kwanza. Umekaa? Utakuwa bibi! ... Mzima kabisa, nimeuona moyo wake. ... Sikukwambia mapema kwa sababu... ai, mama, ni hadithi ndefu, na ina kondoo ndani yake. Kesho nitakupigia nikusimulie yote. Leo acha nilie kidogo.”