Nani Amebaki na Ng'ombe

Haya niliambiwa na Karambu mwenyewe, rafiki yangu wa Mitunguu, na yeye si mtu wa kutunga uongo.

Karambu ni yatima, analelewa na shangazi yake. Desemba ile familia ilipanga kwenda pwani kwa gari lao, walale Voi njiani, kisha wakae wiki nzima kwenye nyumba za wageni kando ya bahari. Karambu aliahidiwa kwamba naye atakwenda.

Jioni moja stima ikapotea. Karambu alikuwa mlangoni na ndoo, akienda kukamua, shangazi akasema, "Halafu wewe utabaki na ng'ombe."

"Lakini ulisema nitaenda, shangazi."

"Nilisema hivyo ndio ukate nyasi kwa bidii."

Binamu yake Muthamia akacheka gizani. "Bahari yako ni ule mfereji wa kumwagilia ndizi. Ogelea huko!"

Wote wakacheka. Shangazi akampigia simu mtunza nyumba wa pwani, akaongeza sauti ya simu ili watoto wasikie mawimbi.

"Tutakuja watu wanne," akasema.

"Sawa mama. Msichana wenu ameshafika."

"Msichana gani?"

"Huyu amesimama hapa nje na ndoo. Namkaribisha ndani, hataki. Anauliza tu nani amebaki na ng'ombe."

Shangazi akammulika Karambu kwa tochi pale mlangoni. Alikuwa bado amesimama na ndoo yake.

Ndipo ng'ombe wao akalia kwa ile sauti yake ya kukwaruza, ndani ya simu, katikati ya mawimbi. Huku zizini kulikuwa kimya.