Suruali ya Marinda Manne

"Achia, dada. Mimi ndiye wa kwanza kulishika."

"Wa kwanza wapi? Mkono huu nimeushika kabla hujafika!"

Robota la mitumba lilikuwa limekatwa mikanda dakika ile ile, katikati ya soko la Lushoto, siku ya gulio, na watu walilivamia kama kuku waliomwagiwa mtama. Miaka ile vijana walikuwa wamechachamaa na mavazi. Kila kitu ruksa, malori yanapanda kutoka Tanga na nguo za kila rangi, na kijana asiye na suruali ya marinda na raba nyeupe alionekana mshamba hata kama baba yake ana kabichi kutoka barabarani mpaka mtoni.

Kilichogombewa ni jaketi jekundu lenye kofia, mgongoni limeandikwa herufi za manjano ambazo hakuna aliyejua zinasema nini. Mkono wa kulia aliushika Husna, binti wa Mzee Zuberi, fundi cherehani, mwembamba wa kiuno na mkali wa ulimi. Mkono wa kushoto aliushika Kassimu wa Mgwashi, aliyeacha kuuza mapea akaanza kuuza viatu vya mitumba. Wakavutana. Mkono mmoja wa jaketi ukang'oka begani, na soko zima likacheka.

"Haya, umefurahi?" Kassimu akasema.

"Si wewe uliyevuta kama unatoa ng'ombe kwenye tope!"

"Nitalinunua hivyo hivyo. Ila nani atanishonea?"

"Mimi. Hakuna fundi mzuri kunishinda hapa mjini."

"Kumbe! Unaharibu mwenyewe, unatengeneza mwenyewe. Hukosi kazi, mrembo."

Husna alitaka kumjibu, lakini macho yalimponza. Yalishuka kwenye shati la kola pana lililopigwa pasi likanyooka, mkanda wa bizimu kubwa, jinzi iliyopauka magotini, raba nyeupe ambazo sijui alizivukishaje matope ya Mgwashi. Yeye ni fundi. Mtu huanza kumsoma nguo kabla ya uso. Na nguo za kijana huyu zilimkaa.

Jaketi likashonwa. Likarudi tena kwa sababu zipu inasumbua. Likarudi mara ya tatu, zipu nzima, fundi akauliza leo kuna nini.

"Leo mwenye jaketi ndiye mgonjwa," Kassimu akasema, ameegemea nguzo ya baraza.

"Dawa yako sina."

"Unayo, unaibania tu."

Husna akacheka. Siku ile alikata kipande cha kanga yake mwenyewe, ya maua ya zambarau, akakishona ndani ya kola ambako hakuna atakayekiona. "Hiki usimwonyeshe mtu," alimwambia. "Ukilivaa, mimi niko shingoni mwako." Kassimu akaapa. Wanaume huapa upesi.

Mzee Zuberi aliyaona yote haya akiwa amekaa kwenye kigoda pembeni. Alikuwa fundi wa kanzu na sare za shule, mkono wake ulijulikana mpaka Soni. Tangu mitumba ipande mlima, wateja walimkimbia. Kanzu ya mwisho aliyoshona ilikuwa imening'inia ukutani mwaka wa pili, haina mnunuzi, na cherehani yake sasa inabana suruali za wazungu. "Kafa Ulaya," alikuwa akisema na kutema mate. "Mnavaa nguo za maiti halafu mnajiita vijana wa kisasa."

Miezi minne ikapita, tamu kweli kweli. Kisha Kassimu akaaga kwamba anakwenda Tanga wiki nzima kuchagua viatu. Siku ya pili yake Husna akapeleka chakula Bumbuli, shangazi yake Hadija alikuwa amelazwa kule. Akiwa anatoka alipitia gulioni kununua uzi. Manyunyu yalikuwa yanaanguka.

Ndipo alipoliona. Jekundu, herufi za manjano, bega la kulia lina mshono ambao angeutambua hata gizani. Mwenye jaketi amevuta kofia kichwani kujikinga na mvua, amempa mgongo. Mkono wake umezunguka bega la msichana mnene wa haiba, sketi ya bluu, na msichana ameingiza kiganja chake ndani ya mfuko wa jaketi kama mfuko wa nyumbani kwao. Wanakula muhogo wa kuchoma, mmoja anauma, mwenzake anauma.

Msomaji, ngoja nikuambie, maana Husna hakuwa na wa kumwambia: yule hakuwa Kassimu. Alikuwa Valentino, mchuma chai wa shamba moja la huko, rafiki wa Kassimu kama pacha wake. Vijana wale walikuwa na desturi yao ya kuazimana viwalo. Shati moja lilikula arusi nne, jozi moja ya raba ilitembea miguuni mwa watu watatu. Valentino alikuwa na miadi na mchumba wake, Witness, akaomba jaketi, akapewa. Kanga ya kola Kassimu hata hakuikumbuka. Hilo ni kosa lake, na mimi simtetei.

Lakini jaketi lile Lushoto nzima lilikuwa moja tu, na Husna kwa kazi yake anamjua mtu kwa vazi. Hakwenda kumshika bega. Hakutaka kumwona uso. Alirudi Lushoto bila uzi.

Alasiri ya siku iliyofuata simu ya dukani kwa Mama Secilia ililia, naye akamwita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Husna wee! Mpenzi wako!"

"Haloo, kipenzi," Kassimu akasema, sauti inakoroma kwenye waya. "Mtoto wa Zuberi, umenimisi?"

"Uko wapi?"

"Tanga, si nilikuaga? Joto, mbu, na mimi nakuwaza wewe tu."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Tanga hapa hapa. Mbona sauti imekuwa hivyo? Unaumwa?"

"Siumwi. Na jaketi lako unalivaa?"

Kassimu akasita. Alikumbuka kanga, akaona aibu kusema ameliazimisha. "Joto lote hili? Nimeliweka," akasema.

Sekunde ile moja ya kusita ndiyo iliyomponza Kassimu. Husna aliweka simu polepole, akamshukuru Mama Secilia, akatoka.

Mtu anayetaka maelezo huuliza. Husna hakutaka maelezo. Alitaka Kassimu aone haya mbele za watu, aone haya mpaka amkumbuke kila akivaa suruali maisha yake yote. Usiku alilala akiwaza namna, asubuhi akaamka bado anawaza. Hata kuswali aliswali huku anapanga, Mungu amsamehe.

Na namna ililetwa na Kassimu mwenyewe. Alirudi Jumatano, kifua mbele, mkononi ana suruali ya rangi ya maziwa, marinda manne mbele, kitambaa kinateleza kama maji.

"Nibanie hii makalio, mpenzi. Naitaka Jumamosi."

"Jumamosi kuna nini?"

"Shughuli," akasema, anang'aa macho. "Utasikia tu. Nataka nipendeze kuliko siku zote."

Husna akatabasamu. Jumamosi kulikuwa na dansi pale ukumbini, vijana wote wanajua. Anakwenda kucheza na sketi ya bluu! "Nitakushonea," alisema, "suruali ambayo hutaisahau."

Kumbe mjinga wa watu alikuwa anakuja kumposa. Mjomba wake alikuwa amekwisha peleka neno kwa Mzee Zuberi, na mzee alijibu jambo moja: "Aje mwenyewe, na avae anavyovaa siku zote, nimwone vizuri." Binti haambiwi kitu mpaka wazee wakae, ndivyo ilivyo nyumbani kwao.

Husna aliufumua mshono wote wa katikati, kuanzia kiunoni nyuma mpaka chini ya mapaja. Kisha, badala ya cherehani, akapiga bandi, ule mshono wa mkono, mrefu mrefu, wa kushikizia kitambaa tu kabla hakijashonwa. Akachagua uzi uliooza. Akapiga pasi ikalala kama imetoka kiwandani. Ukisimama, umependeza. Ukichuchumaa, kwisha habari. Alipokuwa anaikunja aliimba, na Mzee Zuberi kwenye kigoda chake alimtazama binti yake, akapangusa macho, akamtazama tena.

Jumamosi saa nne asubuhi, Shangazi Hadija, ambaye sasa ametoka hospitali, akamtupia gauni. "Vaa hili, ujifunge na kanga mpya. Kuna wageni."

"Wageni gani, shangazi?"

"Wa Mgwashi. Usijifanye hujui."

Husna akalivaa gauni upesi, kanga mkononi. Akakimbilia dirishani.

Uani mkeka umetandikwa. Mjomba wa Kassimu amevaa kanzu na koti, anasalimiana na Mzee Zuberi kwa Kishambaa, salamu ndefu za watu wasio na haraka. Nyuma yake yuko msichana wa sketi ya bluu, ameshika kikapu. Na karibu yake kijana mmoja amempa Husna mgongo: jaketi jekundu, herufi za manjano. Kijana akageuka. Alikuwa Valentino, ambaye Husna alimjua fika.

Wa mwisho kuingia alikuwa Kassimu, suruali ya maziwa, marinda manne, raba nyeupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu mkekani, kijana. Kaa."

"Usikae!" Husna alikuwa amekwisha toka nje, kanga mkononi, hajajifunga vizuri. "Kassimu, usikae!"

Wazee wakageuka. Shangazi Hadija akajishika kichwa. Lini msichana anayeposwa akatoka nje mbio na kuamrisha wageni?

"Kaa," Mzee Zuberi akarudia, taratibu. "Au mkeka wangu mchafu?"

Kassimu akamtazama Husna, akamtazama mzee. Angefanyaje? Mgeni anayekataa kukaa katika nyumba aliyokuja kuomba mke, amekuja kufanya nini? Akakunja miguu, akakaa.

Suruali ilipasuka kwa sauti moja ndefu. Jogoo alikimbia. Witness akafunika macho kwa kikapu, Valentino akaangalia mawingu, na mjomba akanong'ona, "Kikulacho ki nguoni mwako." Kassimu alibaki ameshika nyuma kwa mikono miwili, machozi yanamlenga, kijana aliyekuwa anabadilisha soksi mara mbili kwa siku.

"Nilisema!" Mzee Zuberi akasimama, fimbo juu. Uso ulimkunjuka kwa furaha ya miaka miwili ya kinyongo. "Nilisema mimi! Nguo za maiti hizo! Mtu asiyeweza kujisitiri mwenyewe atamsitiri binti yangu? Chukueni kijana wenu, nendeni. Nimekwisha mwona."

Mjomba akaanza kunyanyuka. Husna alisimama katikati ya ua. Akinyamaza, hakuna atakayejua, na Kassimu anaondoka moja kwa moja. Akisema, nani tena Lushoto atampa fundi huyu suruali yake?

"Baba, nguo haina kosa," akasema. "Ni mimi. Nimepiga bandi kwa makusudi."

Mzee akainama, akaushika mshono uliopasuka wa suruali pale pale Kassimu alipokaa, akavuta uzi. Ukakatika. Akauinua kwenye mwanga.

"Mkono wangu huu," akasema. "Ndivyo nilivyokufundisha kupiga. Nilikuona Alhamisi, nikadhani nazeeka macho. Kwa nini?"

"Nilimwona Bumbuli na mwanamke. Nililiona jaketi." Akamnyooshea Valentino kidole. "Jaketi lile."

"Mama yangu," Valentino akasema, akaanza kulivua upesi kama linaunguza.

Kassimu hakusimama, hakuwa na namna ya kusimama. "Kwa hiyo hukuona uso? Hukuuliza? Ukanishonea aibu, ukapiga na pasi?"

"Na wewe uliniambia umeliweka! Umeazimisha jaketi lenye kanga yangu, Kassimu. Mimi nimezunguka shingoni mwa Valentino gulio zima!"

Kassimu akainama, akavuta ukingo wa mkeka kujifunika.

Mzee Zuberi akaingia ndani. Wakasikia msumari unalia ukutani. Akatoka na ile kanzu isiyo na mnunuzi, akamrushia Kassimu. "Jisitiri. Hiyo haipasuki." Kassimu akaivaa juu ya kila kitu. Ilimkaa mabegani kama alipimwa, na mzee, ambaye kwa miaka miwili hakumwona mtu amevaa kazi yake mpya, akajifanya anakohoa. Wageni wakakaa tena. Shangazi Hadija akaleta chai.

"Sasa sema, kijana," mzee akauliza. "Bado unamtaka? Umeona mwenyewe kisasi chake."

"Namtaka," Kassimu akasema. "Lakini na mimi nina changu."

"Kipi?"

"Aishone suruali hii sasa hivi, mbele yangu. Kwa uzi mwekundu. Na mshono ukae nje, uonekane."

Husna akashtuka. "Kwenye suruali nyeupe? Watu watauliza!"

"Ndiyo. Waulize. Na mimi nitawajibu kila mmoja."

Aliishona, akilia na kucheka, cherehani mara mbili na juu yake mkono, mshono mwekundu kutoka kiunoni mpaka chini. Kassimu aliivaa siku ya gulio, jaketi begani, akapita sokoni mara tatu bila haja yoyote. Vijana wakamtazama nyuma, wakanong'onezana. Alipoulizwa, akajibu neno moja tu: "Fasheni."

Alhamisi iliyofuata Husna alikuta vijana kumi na mmoja wanamngoja barazani, kila mmoja na suruali yake nzima mkononi.

"Dada," wa kwanza akasema, "tunataka ule mshono mwekundu wa nyuma. Kama wa Kassimu."

Mzee Zuberi kwenye kigoda akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. Husna aliuma mdomo, akachukua suruali ya kwanza, akaanza kufumua. Ng'ambo ya barabara Kassimu alikuwa amekaa juu ya sanduku la viatu, amekunja nne, anamtazama, hana haraka ya kwenda popote.